Theodor Förster: Mwanasayansi aliyeipa dunia rula ya kupimia ndani ya seli hai

JINA la Theodor Förster halisikiki sana nje ya maabara na kumbi za mihadhara. Hata hivyo, kila siku katika vituo vya utafiti wa maradhi kote duniani, hadubini zinazoendeshwa na kompyuta hupiga picha za maelfu ya seli hai, na hesabu inayotumiwa kuzifasiri nyingi za picha hizo ni yake.

Hesabu hiyo humwezesha mtafiti kujua iwapo protini mbili ndani ya seli zimekaribiana au zimetengana. Hilo ni jambo ambalo hadubini ya kawaida haiwezi kulionyesha, hata iwe na lenzi bora kiasi gani.

Förster aliaga dunia mwaka wa 1974, miaka mingi kabla ya mitambo hiyo kuanza kutumika. Maisha yake yalipitia utawala wa Wanazi, ambao alijiunga na chama chao angali kijana, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kipindi cha kuijenga upya Ujerumani iliyokuwa magofu. Ni maisha yanayostahili kusimuliwa kikamilifu, sifa zake pamoja na doa lake.

Masomo na mwaka wa 1933

Förster alizaliwa Mei 15, 1910 mjini Frankfurt, Ujerumani. Alisomea katika chuo kikuu cha mji huo na kupata shahada ya uzamifu mwaka wa 1933, akiwa na umri wa miaka 23 pekee. Msimamizi wake alikuwa mwanafizikia Erwin Madelung, aliyekalia kiti cha uprofesa ambacho awali kilikuwa cha Max Born, mmoja wa waasisi wa fizikia mpya ya chembe ndogo.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Mnamo Januari 1933 Adolf Hitler aliingia madarakani, na kufikia Aprili serikali yake ilikuwa imepitisha sheria ya kuwafuta kazi watumishi wa umma wenye asili ya Kiyahudi, maprofesa wakiwemo. Born, ambaye wakati huo alifundisha Göttingen, alikuwa miongoni mwa walioondolewa.

Katika mwaka uo huo Förster alijiunga na chama cha Nazi, na pia akaingia SA, kikosi cha wanamgambo wa chama hicho waliovaa sare za rangi ya kahawia.

Mfano wa mwanasayansi mwingine unafaa kuwekwa kando ya uamuzi huo. James Franck, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, alikuwa Myahudi, lakini sheria ile ilimruhusu kubaki kazini kwa kuwa aliwahi kupigania Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Alikataa msamaha huo. Mnamo Aprili 1933 alijiuzulu hadharani kupinga namna wenzake walivyotendewa, kisha akaihama nchi.

Franck anahusika na kisa hiki kwa njia nyingine pia. Mnamo 1922, yeye na Günther Cario walionyesha kwamba atomu za zebaki zilizomulikwa katika mvuke zinaweza kuzipa nishati yao atomu za metali nyingine iitwayo thali, zikaanza kung'aa badala yake. Upokezanaji huo wa nishati ndio uwanja ambao Förster angekuja kuupatia kanuni yake.

Leipzig na kitendawili cha jani

Baada ya Frankfurt, Förster alielekea Leipzig kuwa msaidizi wa utafiti wa Karl-Friedrich Bonhoeffer, mtaalamu wa kemia. Chuo hicho kilikuwa na majina makubwa, akiwemo Werner Heisenberg. Alikuwepo pia Hans Kautsky, ambaye alikuwa amegundua kwamba jani lililowekwa gizani likimulikwa ghafla hutoa mng'ao hafifu unaopanda na kushuka.

Mng'ao wa aina hiyo huitwa fluoresensi. Molekuli humeza mwanga wa rangi moja, hukaa na nishati hiyo kwa muda mfupi mno, kisha huitoa kama mwanga wa rangi nyingine. Vitambaa vyeupe vinavyong'aa chini ya taa za zambarau kwenye kumbi za muziki hufanya hivyo.

Majani ndiyo yaliyouleta mjadala mkubwa. Mnamo 1932, Wamarekani Robert Emerson na William Arnold walikuwa wamefanya jaribio kwa mwani mdogo uitwao Chlorella. Waliumulika kwa mimweko mifupi ya taa na kupima kazi iliyofanyika. Walikuta kwamba kwa kila molekuli moja ya hewa ya oksijeni iliyozalishwa, palikuwa na takriban molekuli 2,500 za klorofili, ile rangi inayoyafanya majani kuwa ya kijani.

Matokeo hayo yaliwaduwaza wengi. Ikiwa kila molekuli ya klorofili ingefanya kazi peke yake, idadi hiyo isingeeleweka. Ilionekana kwamba maelfu ya molekuli hukusanya mwanga na kuupeleka mahali pamoja panapofanyiwa kazi, kama vile matone ya mvua juu ya paa pana yanavyokusanywa na mfereji mmoja hadi kwenye tangi. Lakini nishati ilisafirije kutoka molekuli moja hadi nyingine?

Jibu rahisi lingekuwa kwamba molekuli moja hutoa mwanga na ya jirani huumeza. Hesabu hazikukubali. Molekuli hizo ni ndogo mno, na mwanga unaotolewa na moja una nafasi finyu sana ya kunaswa na jirani yake kabla haujatoroka. Ilibidi pawe na njia nyingine ya upokezanaji, isiyopitia mwanga wenyewe.

Wazo la njia hiyo lilikuwa limekwisha kuguswa. Nchini Ufaransa, Jean Perrin, aliyetunukiwa Nobel mwaka wa 1926, na mwanawe Francis Perrin walipendekeza kwamba molekuli mbili zinaweza kuathiriana kwa mtetemo wa chaji zake za umeme. Kasoro ilikuwa katika hesabu zao: zilitoa umbali mkubwa kupita ule ulioonekana katika majaribio.

Ng'ambo ya bahari, Arnold alilipeleka suala hilo kwa Robert Oppenheimer, yule ambaye baadaye aliongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Oppenheimer alitoa maelezo mafupi juu yake mwaka wa 1941, lakini vita vikaingilia kati na ripoti kamili ya wawili hao haikuchapishwa hadi 1950.

Kiti cha uprofesa Poznań

Förster alifuzu kuwa mhadhiri Leipzig mnamo 1940. Mwaka wa 1942 alipata uprofesa katika mji wa Poznań, uliokuwa Poland iliyokaliwa na majeshi ya Ujerumani.

Chuo hicho kilikuwa na historia chungu. Wapoland walikuwa wameanzisha chuo kikuu chao mjini humo mwaka wa 1919. Wajerumani walipovamia mnamo 1939 walikifunga, wakawafukuza wahadhiri wake na kuwaua baadhi yao. Mnamo 1941 walifungua mahali pake chuo cha Kijerumani, ambacho Wapoland hawakuruhusiwa kusomea. Walimu waliofukuzwa waliendelea kufundisha kwa siri mjini Warsaw, wakijua kwamba kukamatwa kungewagharimu uhai.

Katika chuo hicho kilichojengwa juu ya dhuluma ndipo Förster alipokalia kiti cha uprofesa, hadi mwisho wa vita mwaka wa 1945 ulipokifagilia mbali.

Familia ya mlezi wake wa kitaaluma ilifuata njia tofauti kabisa. Karl-Friedrich Bonhoeffer alikuwa kaka yake Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyeshiriki njama za kumpindua Hitler. Dietrich alinyongwa Aprili 9, 1945, wiki chache kabla ya vita kwisha barani Ulaya. Ndugu mwingine, Klaus, aliuawa mwezi uo huo, pamoja na waume wa dada zao wawili.

Karl-Friedrich alinusurika. Mwaka wa 1949 alichukua uongozi wa Taasisi ya Max Planck ya kemia ya kimaumbile mjini Göttingen, ambako Förster alikuwa amepata kazi tangu 1947 na kusimamia idara. Kwa hivyo mtu aliyewahi kuwa mwanachama wa Nazi alijikuta tena akifanya kazi chini ya mtu ambaye Wanazi walimuulia ndugu zake.

Kanuni ya 1946

Katika mwaka wa 1946, nchi ikiwa bado magofu, Förster alichapisha makala katika jarida la Kijerumani la Naturwissenschaften kuhusu kusafiri kwa nishati na fluoresensi. Mbili baadaye, mnamo 1948, alitoa hesabu kamili katika jarida la Annalen der Physik.

Anayepiga udi katika taarab ataielewa picha yake upesi. Nyuzi mbili zikifungwa kwa sauti moja, ukiigusa moja, ya pili hutetemeka yenyewe bila kuguswa. Zikiwa zimefungwa kwa sauti tofauti, ya pili hukaa kimya. Ndivyo zilivyo molekuli mbili. Iliyomeza mwanga huitwa mtoaji, na ya jirani huitwa mpokeaji. Ikiwa rangi ambazo mtoaji angezitoa zinalingana na zile ambazo mpokeaji huzimeza, nishati huhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila mwanga wowote kutolewa katikati.

Alichofanya Förster ambacho akina Perrin hawakukifanya ni kuzingatia kwamba molekuli ndani ya kimiminika hazina sauti moja kali, bali rangi zake hutawanyika kwa upana. Aliupima ulinganifu huo kwa vipimo ambavyo maabara yoyote ingeweza kuvichukua, na umbali uliotoka katika hesabu ukakubaliana na majaribio.

Kiini cha kanuni yake ni hiki: kasi ya nishati kuhama hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Ukiuongeza umbali maradufu, kasi hupungua mara 64.

Kwa kila jozi ya molekuli pana umbali maalumu ambao nusu ya nishati huhama. Kwa kawaida huwa kati ya nanomita 3 na 6, na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukiuongeza umbali huo maradufu, nishati inayohama haifikii asilimia 2. Ukiupunguza kwa nusu, huzidi asilimia 98.

Ukali huo wa mabadiliko ndio unaoifanya kanuni hiyo kuwa chombo cha kupimia. Hadubini ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200, kwa sababu ya asili ya mwanga wenyewe, kama Mjerumani Ernst Abbe alivyoeleza mnamo 1873. Protini nyingi zina upana wa nanomita chache tu. Mbili zinaweza kuonekana katika nukta moja ilhali ziko mbali sana kwa kipimo chao. Fomula ya Förster hupima palepale ambapo hadubini hushindwa, kati ya nanomita 1 na 10.

Miaka ya Stuttgart

Mwaka wa 1951 Förster alihamia Stuttgart kuwa profesa, na huko ndiko alikofanya kazi hadi kifo chake. Mwaka huo pia kilitoka kitabu chake kuhusu fluoresensi ya misombo ya kikaboni, ambacho kiliwaongoza watafiti wa fani hiyo kwa muda mrefu.

Hakuishia kwenye kanuni moja. Alionyesha kwamba molekuli iliyomeza mwanga hubadilika tabia: kemikali iliyo asidi dhaifu gizani inaweza kuwa asidi kali kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya kumulikwa. Njia aliyobuni ya kukokotoa mabadiliko hayo hujulikana hadi leo kama mzunguko wa Förster.

Mnamo 1954, pamoja na Kasper, aliripoti kwamba kemikali iitwayo pireni hung'aa kwa rangi ya zambarau ikiwa imezimuliwa sana, lakini ikikolea mng'ao wake hugeuka kuwa wa buluu. Sababu ni kwamba molekuli moja iliyomulikwa hushikana kwa muda na mwenzake ambayo haijamulikwa. Miongoni mwa watafiti waliofanya kazi naye alikuwa Albert Weller, ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mjini Göttingen.

Förster alifariki Mei 20, 1974 kutokana na mshtuko wa moyo, siku chache baada ya kutimiza umri wa miaka 64. Hakuwahi kutunukiwa Tuzo ya Nobel.

Rula yathibitishwa

Kwa miaka mingi kanuni yake ilikuwa mali ya wanafizikia na wanakemia. Aliyewafungulia wanabiolojia mlango ni Lubert Stryer wa Marekani. Mwaka wa 1967, yeye na Richard Haugland walitengeneza minyororo midogo ya asidi amino iitwayo prolini, ambayo hukaa imara kama kijiti. Wakafunga mtoaji upande mmoja na mpokeaji upande wa pili, kisha wakabadilisha urefu wa kijiti hatua kwa hatua, kuanzia zaidi kidogo ya nanomita 1 hadi nanomita 4.6.

Kipeo walichokipata kilikuwa 5.9, karibu kabisa na 6 ya Förster. Katika makala yao waliuita upokezanaji huo wa nishati rula, na jina hilo likashika.

Bado palikuwa na kikwazo. Kuipima protini ndani ya seli iliyo hai kulihitaji kuifunga rangi inayong'aa bila kuiua seli. Ufumbuzi ulitoka baharini.

Konyeza aina ya Aequorea victoria, anayeishi katika maji ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, hung'aa kijani kwenye ukingo wa mwili wake. Mjapani Osamu Shimomura alipozichuja kemikali zake mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata protini mbili: moja iliyotoa mwanga wa buluu, na nyingine iliyong'aa kijani. Mwaka wa 1974, mwaka uleule aliofariki Förster, Shimomura na wenzake waliripoti kwamba ndani ya konyeza protini ya kwanza huihamishia ya pili nishati. Kumbe kiumbe huyo alikuwa akifanya kazi hiyo tangu zamani, hata kabla ya binadamu kuiandikia kanuni.

Mnamo 1994 Martin Chalfie alionyesha kwamba jeni ya protini ile ya kijani ikitiwa ndani ya kiumbe kingine, seli zake hung'aa zenyewe. Roger Tsien akaibadilisha protini hiyo ikatoa rangi nyingine, zikiwemo samawati na manjano. Mwaka wa 1997, yeye na Atsushi Miyawaki waliunganisha protini mbili za rangi tofauti kwa kiungo kinachojikunja kikikutana na kalsiamu. Kalsiamu ilipoongezeka ndani ya seli, rangi hizo zilikaribiana na nishati ikahama. Hivyo mtafiti aliweza kuutazama ujumbe wa kalsiamu ndani ya seli hai kwa kifaa ambacho seli ilijitengenezea yenyewe.

Shimomura, Chalfie na Tsien walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka wa 2008.

Hadubini inayojiendesha

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiachia mashine kazi hiyo. Seli hukuzwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96 au 384, kila kishimo kikiwa na dawa au hali tofauti ya kujaribiwa. Sahani hukaa ndani ya hadubini katika joto la nyuzi 37, ili seli zisijue kwamba zimetoka mwilini. Mtambo husogea kishimo hadi kishimo, hutafuta wenyewe mahali picha inapokuwa safi, hubadilisha vichujio vya rangi na kupiga picha.

Kwa kila kundi la seli huhitajika picha tatu hivi. Ya kwanza humulika mtoaji na kupima mng'ao wa mtoaji. Ya pili humulika mtoaji lakini hupima mng'ao wa mpokeaji, na hapo ndipo nishati iliyohama huonekana. Ya tatu humulika mpokeaji mwenyewe ili kujua yuko kiasi gani. Kisha kompyuta hutambua mipaka ya kila seli na kufanya hesabu. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa majuma, akichoka na kupendelea bila kujua seli zinazompendeza macho, mashine huikamilisha kwa saa chache na bila upendeleo huo.

Hata hivyo, mashine haijui inachokipima. Rangi za mtoaji humwagikia kidogo katika picha ya mpokeaji, na mwanga wa kummulika mtoaji humgusa mpokeaji pia. Asiyeondoa makosa hayo ataona nishati ikihama mahali ambapo hakuna kilichohama. Kwa sababu hiyo kila sahani hutengewa vishimo vyenye seli za mtoaji peke yake na seli za mpokeaji peke yake, ili kiasi cha kupunguza kijulikane.

Njia nyingine ya kuhakiki ni kumchosha mpokeaji kwa mwanga mkali hadi azimike. Ikiwa kweli alikuwa akipokea nishati, mtoaji huanza kung'aa zaidi pindi anapoondolewa. Ipo pia njia ya kupima muda ambao mtoaji hukaa na nishati yake, nanosekunde chache tu, kwa kuwa muda huo hufupika akiwepo wa kumpokea.

Na hata hesabu ikiwa safi, jibu huhitaji busara. Nishati isipohama haimaanishi kwamba protini haziko pamoja. Kanuni ya Förster hutegemea pia jinsi molekuli zilivyoelekezwa. Zikikaa kwa pembe mbaya, nishati haihami hata zikiwa ubavu kwa ubavu.

Kanuni hiyo imefika pia katika hospitali zetu. Aina nyingi za vipimo vya PCR hutumia kipande cha jeni chenye rangi inayong'aa upande mmoja na kizimishi upande wa pili. Vikiwa karibu, nishati humezwa na kizimishi na rangi haionekani. Virusi vinapopatikana, kipande hukatwa, viwili hivyo hutengana na mng'ao hutokea. Kwa vipimo vya PCR ndivyo maabara za Kenya zilivyotambua walioambukizwa Covid-19 tangu 2020.

Hesabu ya maisha

Wapo wanaotaka jina la mtu wa namna hii lifutwe, na wapo wanaosema sayansi haihusiani na siasa. Maisha ya Förster hayampi ushindi yeyote kati ya hao.

Kufuta jina hakungebadilisha fomula, na kungewanyima wasomaji wa kesho nafasi ya kujua jinsi kijana mwerevu wa miaka 23 alivyoweza kujiunga na chama cha chuki wakati maprofesa waliokuwa wakiheshimika wakifukuzwa makazini. Umuhimu wa kujua hilo hauishii Ujerumani.

Kwa upande mwingine, kudai kwamba hakuwa na la kufanya ni kuwasahau wenzake. Franck alikuwa na ruhusa ya kubaki na akaikataa. Alihamia Marekani, akalifanyia utafiti swali lilelile la jani na mwanga, na mnamo 1945 akaongoza kamati ya wanasayansi walioisihi serikali ya Marekani isiishambulie Japani ghafla kwa bomu la atomiki. Alifariki mwaka wa 1964 akiwa Göttingen, katika mji aliojiuzulu miaka 31 awali, alikokwenda kuwatembelea marafiki.

Wawili hao walivutiwa na swali moja la kisayansi. Mwaka wa 1933 ulipowauliza swali jingine, walijibu tofauti.

Leo watafiti wengi husisitiza kwamba herufi ya kwanza katika kifupi FRET, kinachotumiwa kutaja mbinu hiyo, isimamie jina la Förster badala ya neno fluoresensi, kwa kuwa kinachohama si mwanga. Kisayansi wana haki. Ila mwanafunzi anayefundishwa jina hilo anastahili pia kuambiwa kuhusu Poznań, na kuhusu walimu waliofundisha kwa siri mjini Warsaw ilhali viti vyao vilikaliwa na wengine.